Hewa ya Bure

"Hewa ni bure," alisema Murakoshi wa skrepa,
ameegemea rundo la milango isiyo na magari.
"Injini inataka hewa tu, bwana. Hewa!"
Nikamwamini,
maana mfukoni hewa ndiyo niliyokuwa nayo.

Silvia yangu ni ya mwaka tisini na tatu,
nyeupe ubavu mmoja, ubavu wa pili kutu.
Chumvi ya barabara za Tomakomai
imeyala matao ya magurudumu
kama panya na gunzi.

Kiyoe hugawa mshahara wangu katika bahasha:
Kodi. Mafuta ya hita. Shule ya Fumi.
Ya mwisho, nyembamba, ameiandika "Lile",
kwa kuwa gari hataki kulitaja jina.
Ndani ya Lile huingia yeni elfu sita,
tano mwezi wa theluji nyingi.

Elfu sita ni nini?
Ni plagi nne na kikombe cha kahawa.
Ni kusimama nje ya duka kule Sapporo,
turbo mpya imejikunja kiooni kama konokono wa fedha,
nawe unaisoma bei mara mbili,
mara ya pili polepole,
kama barua ya mahakama.

Kurihashi wa mashine namba tatu hakungoja.
Alikopa, akafunga turbo kubwa kama kichwa cha mtoto,
pampu ya petroli akaiacha ile ile ya zamani.
Wiki ya pili pistoni ikatoboka,
tundu la kupitisha kidole.
Alipokuja zamu kwa baiskeli, theluji kwenye nyusi,
sikumcheka.
Nilimuuliza tu, kwa adabu,
kama intakula anaiuza.

Mapezi yake yalikuwa yamelala.
Jioni nne Kiyoe aliketi nayo mezani,
na kibanio chake cha nyusi,
akiyainua moja moja
kama mtu anayechambua mchele.
Jioni ya nne akauliza, bila kuinua macho:
"Na breki je?"
Nikasema breki haziongezi mwendo.
Akanyamaza. Ule unyamavu wake.

Basi miezi minne ya Lile ikaenda kwenye breki,
na wa tano kwenye gasketi iliyokuwa inavuja jasho.
Nilinuna.
Gari likawa linasimama vizuri ajabu,
pale pale lilipokuwa limesimama.

Vali ya kuongezea mgandamizo niliinunua
kwenye duka la samaki wa mapambo, yeni mia nne,
ile ya kupimia mapovu ya tangi.
Fumi akaitambua.
"Baba, samaki wako wapi?"

Siku hizi watu huniuliza nini raha yake.
Sijui. Labda ni hii:
moshi umekwisha kazi, unatupwa nje,
ukifika mlangoni unaambiwa
ngoja, zungusha hii kwanza.
Nami hutoka kiwandani alfajiri
nikinuka karatasi mbichi,
mtu aliyekwisha,
na miguu inanipeleka gerejini.

Jumapili ya Aprili, barabara ya Shiraoi imekauka.
Nilikuwa nimeshaketi nyuma ya usukani
Kiyoe aliponigonga bega. "Sogea.
Bahasha nazijaza mimi."

Gia ya pili. Ya tatu.
Sindano ikalala, ikafikiri,
kisha mluzi, mwembamba, wa birika lililosahaulika jikoni,
na kiti kikanishika mgongo.
Nilikuwa nasikiliza kama injini inagonga.
Haikugonga.
Aliyekuwa na kelele ni mke wangu, anacheka,
hadi lori la magogo likajitokeza kwenye kona
akakanyaga,
na tukasimama
kabla sijakumbuka kuogopa.

Hakusema neno. Alinitazama tu.

Tulirudi taratibu, petroli robo,
zamu yangu ikianza saa nne usiku.